Mbegu Niliyoilisha Wakati Baba Anazikwa

Kasulu,
Jumatano, mvua imeanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, tena peke yako. Kama ni kaka Zabroni aliyekuletea, mshukuru kisha mwombe akachungulie mbuzi. Soma mwenyewe, kwa miwani ya baba kama yako bado ina ule ufa. Sikupiga simu kwa sababu simu yenu hupokelewa spika ikiwa wazi na nyumba nzima inasikia, na haya ninayoandika ni yako kwanza. Wengine utawaambia wewe ukiona inafaa.

Magoti yanaendeleaje? Usingizi unapata? Kaka aliniambia unakula kidogo na kwamba umekataa kuhamia kwake. Hilo la kuhama halikunishangaza. Lililonikosesha raha ni alilosema mwisho, kwamba mvua imenyesha huko Ulyankulu, majirani wote wamepanda, na shamba lako bado tupu kwa sababu umesema tanga halianuliwi na mbegu haiingii ardhini wakati mtoto mmoja yuko kitandani anaumwa.

Mama, mtoto huyo haumwi. Sikuwa na homa. Sikulazwa. Ile siku kaka alipowatangazia waombolezaji kwamba Generoza yuko hospitali ya Kasulu na dripu mkononi, mimi nilikuwa nimesimama juu ya kreti la soda nikisoma kipimajoto cha tangi.

Sasa umejua. Weka barua chini kidogo kama unataka, kisha uendelee.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini hasa, nami nikakujibu "maabara" ili upate la kujivunia jumuiyani. Ukweli ni kazi ya maji machafu. Akina mama wa Kibondo na wa huku Kasulu wanamenya mihogo, wanaisaga, wanaikamua ili wapate unga. Maji yanayokamuliwa ni meupe na machachu, na zamani yalikuwa yanakwenda moja kwa moja mtoni. Ndama walikuwa wakinusa na kugeuka. Vyura walielea. Kule Kibondo watu wa bondeni waliwahi kupanda mlima na fimbo kuwafuata wale akina mama, na kama si padri kupita na pikipiki yake wangeumizana. Basi kiwanda chetu, ambacho ni banda la mabati nje ya mji, kinayachukua maji hayo kwa mapipa. Tunayatia kwenye tangi lisilopitisha hewa, tunatia bakteria, tunawapa joto la kiasi. Wao wanakula wanga uliobaki majini, na wanachotoa ni asidi. Ikichujwa na kusafishwa inahitajiwa na watu wa ngozi na watu wa chakula cha mifugo. Maji yanayobaki hayaui tena chura.

Ni kile kile unachofanya wewe ukiloweka mihogo. Tofauti ni kwamba wewe unakula muhogo na kumwaga maji, sisi muhogo tunawaachia wenyewe na kung'ang'ania maji.

Harufu yake sijui nikuelezeje. Fikiria beberu aliyelala kwenye samli iliyooza. Inaingia kwenye nywele na haitoki kwa sabuni yoyote. Kanisani benchi langu huwa na nafasi hata siku ya Pasaka, na mimi hujifanya sioni watu wakisogea.

Ndani ya banda kuna chumba kidogo chenye kufuli, na humo ndimo tulimoweka mbegu. Tunaiita hivyo, mbegu. Ni bakteria wenyewe, waliokwisha kuzoea maji yetu, kwenye chombo cha kioo kinacholingana na ndoo. Kutoka hapo ndipo tunapochota kupandikiza tangini. Kila asubuhi na kila jioni lazima walishwe maji ya muhogo yaliyochujwa, na watiliwe chokaa kwa kipimo, kwa sababu ile asidi wanayoitoa ikizidi inawaua wao wenyewe. Ukiwaacha siku mbili wanakufa kwa kazi yao.

Na jambo ambalo sikukuambia ni kwamba mbegu ile ilitoka kwako. Unakumbuka Krismasi ile nilipoondoka na chupa ya maji ya mtungi wako wa kulowekea, ukacheka ukasema mtoto huyu amesoma mpaka amerudi kuiba uchafu? Mtaalamu wetu, Bwana Edson, alikuwa ameagiza mbegu ya pakiti kutoka mbali, ikafa mara mbili kwa baridi ya huku. Ya kwako ikashika. Alifurahi akacheza mle bandani, mtu mzima na koti lake jeupe.

Sasa ile Jumanne. Bwana Edson alikuwa amesafiri kwenda Dodoma. Aliniachia ufunguo wa chumba akaniambia nisiiache mbegu hata siku moja, kwani wanunuzi walikuwa wanakuja wiki iliyofuata kupima asidi yetu, na wakiikataa kiwanda kitafungwa. Kati ya tuliobaki, kipimo cha chokaa nilikijua mimi peke yangu. Asubuhi hiyo nilikuwa Kibondo na lori, tunapakia mapipa. Simu ikaita.

"Jene, kaa chini," kaka akasema.

"Niko barabarani, nakaa wapi?"

"Basi shika kitu." Kisha akalitaja lile jina tulilomwitia baba tukiwa wadogo. "Data hatunaye. Amelala tu hakuamka."

Nilishika mlango wa lori. Ng'ambo ya barabara, Mama, basi la Kahama lilikuwa linapakia abiria. Utingo alikuwa anaita, "Kahama, Tabora, nafasi mbili za dirishani!" Nauli nilikuwa nayo. Kitambulisho nilikuwa nacho. Nilimkumbuka baba enzi zile alipokuwa hawezi kutoka kwenye makazi ya wakimbizi bila kibali, akipanga foleni tangu asubuhi ili tu aende kumzika rafiki yake Urambo. Nikakumbuka siku karatasi za uraia zilipokuja, alivyozifunga kwenye mfuko wa nailoni akaziweka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, akasema sasa wanangu mtapanda basi lolote. Basi lenyewe hilo hapo, mlango wazi, na dereva wetu anapiga honi kwamba maji yatachacha vibaya tukikawia.

Nilipanda lori. Basi lilielekea kaskazini na sisi tukaelekea kusini. Tulipokwisha kwenda saa nzima kwenye njia ya Kasulu, nilimpigia kaka nikamwambia nina homa kali na wananilaza. Sauti ilikuwa inatetemeka yenyewe, akanisadiki. Akaniambia nisijisumbue, nipone kwanza. Hata hilo lilinichoma.

Utauliza kwa nini sikuwaambia wenzangu wanishikie kazi. Wenzangu ni Waha na Warundi kama sisi, Mama, na unajua kwetu ilivyo. Msiba ukiingia, kinachochacha ndani ya nyumba kinamwagwa na mtungi unafunikwa kifudifudi. Mfiwa hagusi mbegu mpaka siku ya kuganduka, ya kumaliza msiba, wafiwa wote wamekusanyika, wamenyolewa, tanga limeanuliwa. Baba pamoja na ukatekista wake alikuwa akisema hayo ni mambo ya wazee, na bado bibi alipofariki hakushika jembe mpaka ndugu yake wa mwisho alipofika kutoka Mishamo. Kama ningesema nimefiwa, hakuna ambaye angekubali niingie chumba kile, na baada yangu hakuna ambaye angekigusa chombo. Nikanyamaza. Asubuhi ya Jumatano nilivaa kitenge changu cha njano ili nisifanane na mtu mwenye jambo.

Kaka alikuwa amenieleza kwamba mtazika Alhamisi saa nane mchana. Saa nane nilikuwa nimeshika kijiko cha chokaa. Nilipima, nikasahau kama nimepima, nikamwaga nikaanza upya. Nilijiambia kwamba ninakaa na kitu chako, kwamba na mimi niko nyumbani kwa namna yangu. Ni uongo niliojitengenezea mwenyewe, na nilijitengenezea vizuri, kwa sababu ulinibeba mpaka Jumamosi.

Mama Yakobo akaingia. Nimewahi kukutajia habari zake, yule mjane wa Muyama anayechuja maji, mkubwa wetu sote pale kazini. Alinitazama akasema, "Weye leo umepata mchumba? Mbona kitenge kinawaka namna hiyo?"

Nilicheka, Mama. Mkiwa mnamshusha baba, mimi nilikuwa nacheka na Mama Yakobo. Sijui nitaliweka wapi jambo hilo.

Jumamosi kifurushi chako kikafika. Utingo alifika hadi getini akamuulizia Generoza anayeumwa, aliyefiwa na mzee kwao. Aliyempokea ni Mama Yakobo. Alikuja hadi nilipokuwa akiwa amekishika kwa mikono miwili, majani makavu ya mubirizi yamefungwa kwenye ukurasa wa kalenda, na maagizo yako yameandikwa kwa mwandiko wa kaka: achemshe anywe mara tatu kwa siku, asisafiri mpaka apone, sisi tutamngoja.

"Mzee huyu aliyekufa ni nani yako?"

"Baba yangu."

"Alikufa lini?"

"Jumanne."

Aliangalia kile kitenge cha njano, maana nilikuwa nimekivaa tena. Nilingoja anigombeze. Angenigombeza ningekuwa na la kujibu.

"Yoo, mwana wanje," akasema. "Siku zote hizi weye umekaa na maiti peke yako?"

Akanivua aproni kama unavyomvua mtoto nguo mbichi, akanishika mkono akanipeleka kwake. Akatandika mkeka. Akina mama wa kazini wakaja mmoja mmoja, wanakaa, wananiambia, "Ihangane," yaani jipe moyo. Mmoja alileta maharage, mwingine kuni. Nililia mpaka nikasikia kichwa kinapasuka. Nililia kilio chote ambacho nilipaswa kukililia kwenu, nikakililia kwa watu ambao hawakumjua baba hata kwa picha.

Jioni ilipokaribia nikakumbuka kulisha. Nikaomba aproni yangu, ufunguo ulikuwa mfukoni.

"Tulia," Mama Yakobo akasema. Alikuwa anakoroga uji. "Nimekwisha kukutengenezea. Nimemwaga yote, chombo nimekifunika, moto wa tangi nimezima. Haiwezekani kitu kikachacha na kuchemka palipo na mfiwa, kitakufuata. Sasa lia vizuri."

Nilisimama, nikakaa tena. Yeye alikuwa ananitazama kwa upendo kabisa, Mama, kama wewe ungenitazama, kwa sababu alichofanya ndicho ulichokifanya wewe kwa mtungi wako asubuhi ile ile baba alipokutwa. Alinipa uji. Nikanywa.

Bwana Edson alirudi Jumatatu. Chombo kiko kifudifudi, tangi limepoa, karatasi ya kupimia uchachu imegeuka rangi ya matofali. Mle tangini walikuwa wamekwisha kufa kwa asidi yao wenyewe. Akatukusanya akauliza ni nani aliyemwaga. Nilimwona Mama Yakobo anajiweka sawa ili ajibu, hata aibu hana, mtu aliyefanya jema atakuwaje na aibu? Nikamtangulia. Nikasema msiba ni wangu na chombo kilikuwa mikononi mwangu.

Si mtu mbaya yule. Alivua miwani akanipa pole. Kisha akasema maneno ambayo ningependa asingeyasema. "Kwa nini hukunipigia simu? Ningekuambia uende. Ningepanda basi siku ile ile nirudi niilishe mwenyewe. Na hata ingekufa, Generoza, mbegu inaoteshwa tena. Inachukua muda tu."

Muda tu. Nimeyageuza maneno hayo tangu siku hiyo na hayana upande usiochoma.

Wanunuzi walifika, wakaangalia tangi, wakaziba pua kwa adabu, wakasema watatujulisha. Hawajatujulisha. Kiwanda kimefungwa kwa sasa na lori haliendi tena Kibondo. Juzi nilikwenda huko kuwaambia akina mama mwenyewe, maana niliona haifai wasikie kwa dereva. Hawakunilaumu, walinipa pole ya baba. Nikitoka nilipita darajani. Maji chini yalikuwa meupe. Ng'ombe wamesimama ukingoni na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Kwa hiyo ujue ninavyosimama. Nilimwacha baba ili niokoe mbegu, na mbegu haikuokoka, na kumbe hakuna aliyenitaka nimwache. Mama Yakobo bado anaamini aliniondolea balaa. Sijamwambia vingine. Siku nyingine nafikiri yeye peke yake ndiye aliyefanya alilopaswa kufanya katika habari hii nzima.

Bwana Edson ameniomba nikienda nyumbani nirudi na chupa nyingine ya mtungi wako. Atajuaje kwamba mtungi wako nao umelala kifudifudi, mkavu, na hautageuzwa mpaka mimi nifike? Sitabeba chupa safari hii. Sitaki kuja kwako na kitu cha kujazwa.

Mubirizi ulionitumia nimeuchemsha. Nimekunywa wote, mara tatu kwa siku kama ulivyoagiza, bila homa yoyote. Ni mchungu kuliko nilivyokumbuka.

Mama Yakobo alitaka kuninyoa hapa hapa ili nimalize. Nilikataa. Nimemwambia nywele hizi, na harufu yake yote, ni za kunyolewa uani kwetu.

Nisalimie kaka Zabroni. Mwambie nitamweleza mwenyewe uso kwa uso, na kwamba aliwadanganya watu msibani bila kujua, dhambi hiyo ni yangu. Nisalimie wifi, na yule mwanawe aliyerithi jina la baba, ambaye nasikia sasa anakalia kiti chake na hakuna anayethubutu kumwondoa. Msalimie shangazi Melania, dada yake baba, aliyemfumba macho. Msalimie mjomba aliyewaongoza katika sala siku ya maziko. Majirani wasalimie pia, hata wale watakaoniteta, maana safari hii watakuwa na haki.

Barua inatangulia kwa basi la kesho. Mimi nafuata Jumamosi, napanda pale pale Kibondo, lile lile la Kahama. Kama umechoka kuningoja, Mama, anueni tanga, pandeni. Mvua haina sababu ya kunisubiri mimi. Nikikuta mahindi yameota sitauliza neno, nitanyolewa na shangazi nyuma ya nyumba kisha niende nikapige magoti kaburini.

Lakini nikikuta shamba bado tupu, usiniulize habari za safari, wala usiniulize kama nimekula. Nipe jembe.

Mimi mwanao, mzima wa mwili,
Generoza